Uzi: Kemo imeisha, maudhi hayajaisha. Ganzi, uchovu, moyo, figo na mengine yanayobaki

#1 NesiWaZamu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa waliomaliza kemo, yaani dripu za dawa za saratani, na wanaowauguza. Maswali yanajirudia kila wiki: miguu ina ganzi, mwili hauna nguvu, masikio yanavuma, hedhi imepotea. Majibu huwapoteza watu kwa sababu kemo inazungumzwa kana kwamba ni dawa moja. Kila dawa ina kiungo inachokiumiza zaidi, na usipojua ulipewa ipi, utapimwa vitu visivyokuhusu na kinachokuhusu kitapita.

Kwa hiyo kabla ya yote, tafuta karatasi. Omba kliniki ikuandikie muhtasari wa matibabu: aina ya saratani, jina halisi la kila dawa, idadi ya mizunguko, jumla ya dozi kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, tarehe ya dripu ya mwisho, mionzi ilipigwa sehemu gani, na majibu ya mwisho ya moyo, figo na ini. Iwe ni Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta, Moi ya Eldoret au Mulago, faili lako lipo. Karatasi ipige picha, umtumie na ndugu mmoja. Kadi ya miadi peke yake haitoshi, kwa kawaida imeandikwa tarehe tu.

Ramani fupi. Ganzi na kuwaka moto vidoleni: paklitakseli, dosetakseli, oksaliplatini, sisplatini, vinkristini. Moyo: doksorubisini, ile nyekundu inayotoa mkojo mwekundu siku ya kwanza. Masikio na figo: sisplatini. Mapafu: bleomisini. Ovari, mbegu za kiume na kibofu: siklofosfamidi.

Na haya hayasubiri uzi. Homa ya 38 au zaidi ndani ya mwezi mmoja tangu dripu ya mwisho: hospitali usiku huo huo, ukapimwe picha kamili ya damu (hesabu ya chembe za damu). Kipimo cha malaria kikiwa chanya kisikufanye urudi nyumbani bila kujua chembe nyeupe ziko ngapi. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kuishiwa nguvu, au mkojo na choo kutoka bila kujua: dharura, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma: damu huenda imeganda kwenye mshipa, usilikande.

#2 Mlezi_Kibaha

Sista, shikamoo na asante. Hapa kuna jambo linalotisha. Mgonjwa amemaliza oksaliplatini, mwezi wa kwanza ganzi ilikuwa ndogo, wa tatu imekuwa kubwa. Dawa haipo tena mwilini, kwa nini izidi? Ndiyo kusema ugonjwa umerudi?

#3 Mfamasia_wa_Ziwa

Nijibu mimi, sista ataongeza. Dawa zenye madini ya platinamu, yaani oksaliplatini na sisplatini, hujikusanya kwenye vinundu vya neva vilivyo pembeni mwa uti wa mgongo. Dripu inakoma, platinamu inabaki pale ikiendelea kuharibu. Ndiyo maana ganzi huweza kuzidi kwa miezi 2 hadi 6 baada ya dozi ya mwisho, kisha ikasimama, kisha kwa wengi ikapungua polepole. Hiyo peke yake si dalili ya saratani kurudi.

Paklitakseli njia yake ni nyingine. Inaziba usafirishaji ndani ya neva, na neva ndefu kuliko zote ndizo zinazofika kwenye vidole vya miguu, kwa hiyo ndizo zinazoumia kwanza. Hii mara nyingi huanza kutulia ndani ya miezi kadhaa baada ya kuacha, ingawa wapo wanaobaki nayo miaka.

Angalia pia jumla ya dozi. Oksaliplatini ya miligramu 85 kwa mita ya mraba, mizunguko 12, ni 1,020. Ganzi inayodumu huongezeka sana mtu akivuka takriban 800. Aliyepata mizunguko 6 ya ratiba hiyo ana 510, matarajio yake ni tofauti kabisa. Umeona kwa nini sista anadai karatasi?

Halafu ule mtetemo wa kushika kitu cha friji au kunywa maji baridi ni jambo jingine. Huo huja ndani ya siku chache za kila dripu na kuondoka. Kinachobaki ndicho tunachokijadili.

#4 NesiWaZamu

Sahihi. Niongeze namna ya kuitambua. Ganzi ya kemo huja pande zote mbili kwa usawa, huanzia ncha za vidole na kupanda kama soksi, baadaye mikononi kama glavu. Ganzi ya mguu mmoja tu, au iliyoanzia pajani, au iliyotokea ghafla asubuhi moja, usiisingizie kemo. Mpeleke akaangaliwe.

Unyayo unaoning'inia, mtu akitembea vidole vinaburuta, unaweza kuwa wa vinkristini. Lakini aliyekonda sana na ana tabia ya kukunja nne au kuchuchumaa muda mrefu anaweza kuubana mshipa wa fahamu pembeni ya goti, chini kidogo, akapata hali ile ile. Huyo aanze kwa kuacha mkao huo, na bado aonwe na daktari.

Kabla ya kununua chochote pimeni mambo mawili ya bei nafuu: sukari na vitamini B12. Dawa ya kuzuia kutapika inayotolewa kabla ya dripu, deksamethasoni, hupandisha sukari, na sukari yenyewe huua neva. Mwenye kisukari anayetumia metfomini miaka mingi B12 yake hushuka. Zote mbili zinatibika, na zisipotibiwa hakuna dawa ya ganzi itakayofanya kazi.

#5 Kipchumba_Maabara

Wadau, hapo kwa B12 muwe makini. Watu huja maabara wakiwa tayari wameshachoma sindano tatu za vitamini, kiwango kinasoma juu, daktari anasema uko sawa. Toa damu kwanza, sindano baadaye.

#6 Mama_Duka_la_Dawa

Hapa dukani wengi huomba tu "vidonge vya neva" vyenye B1, B6 na B12. Ninawapa kwa sababu wanavitaka, lakini sijaona ushahidi wa maana. Mfamasia unasemaje?

#7 Mfamasia_wa_Ziwa

Dada yangu, soma pembeni ya boksi, mstari wa B6. Kuna vidonge vyenye miligramu 100, vingine 200 kwa kidonge kimoja, na mtu anakunywa mara tatu kwa siku. B6 nyingi kwa muda mrefu inasababisha ganzi ile ile ya mikono na miguu! Mgonjwa anaongeza dozi kwa sababu ganzi inazidi, na ganzi inazidi kwa sababu ya dozi. Marekani kiwango cha juu cha mtu mzima kimewekwa miligramu 100 kwa siku. Ulaya waliteremsha hadi 12 mwaka 2023. Kama B12 imepimwa na iko chini, tibu B12 peke yake.

Kingine cha kuacha ni asetili-karnitini, inauzwa kama kirutubisho cha neva. Ilijaribiwa kwa wanawake waliokuwa wakipewa dawa za kundi la paklitakseli, na waliokunywa walipata ganzi zaidi ya wasiokunywa. Matokeo yalitoka 2013, bidhaa bado ziko rafuni.

Dawa iliyothibitishwa kidogo ni moja tu, duloksetini. Chama cha madaktari wa saratani wa Marekani kiliipendekeza 2014 na kikarudia hivyo 2020. Ni ya maumivu na kuwaka moto. Ganzi kavu isiyouma haiigusi sana. Huanza miligramu 30 mara moja kwa siku kwa wiki moja, kisha 60, pamoja na chakula maana siku za mwanzo huleta kichefuchefu. Ipe dawa wiki 5 kabla ya kuhukumu. Katika jaribio lake iliwasaidia zaidi waliopata dawa za platinamu kuliko wa paklitakseli. Haiachwi ghafla, inashushwa. Haichanganywi na tramadoli. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe nyingi asipewe. Anayemeza tamoksifeni (kidonge cha saratani ya matiti inayolishwa na homoni) amwambie daktari, kwa sababu duloksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu.

Amitriptilini ni rahisi kupatikana hata zahanati, miligramu 10 hadi 25 usiku. Ushahidi wake kwa ganzi ya kemo ni dhaifu, ila inamlaza mtu ambaye miguu inamkesha. Mzee mwenye tezi dume au mapigo ya moyo yasiyo sawa aepuke. Gabapentini nayo hutolewa sana. Ikifika mwezi hakuna nafuu, iondolewe kwa kushushwa, kwa sababu inalevya na mtu mwenye ganzi miguuni akilewa anaanguka.

#8 Otieno_KLINIKI

Nauliza kuhusu wenzetu wenye saratani ya Kaposi. Wengi wako kwenye ARV, wamepewa paklitakseli au bleomisini na vinkristini, na juu yake wanameza dawa ya kuzuia TB. Hapo B6 si inahitajika?

#9 Mfamasia_wa_Ziwa

Inahitajika, mkuu. Isoniazidi, hiyo ya kuzuia TB, huondoa B6 mwilini, kwa hiyo kila anayeimeza apewe B6 miligramu 25 kwa siku. Ishirini na tano, si mia mbili. Akija na ganzi mpya, uliza kwanza kama B6 iliisha kituoni akaendelea na isoniazidi peke yake. Hutokea.

Na kwa mgonjwa wa ARV usikubali karbamazepini (dawa ya kifafa) kwa ajili ya ganzi bila kliniki ya ARV kujua. Inashusha dolutegraviri, moja ya ARV, kwenye damu, hadi dozi ilazimike kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja. Mtu anatibu miguu, virusi vinapanda.

#10 FizioPwani

Ahlan jamaa. Mumekaa sana kwenye vidonge. Ganzi ikishakuwepo, kinachomvunja mtu nyonga ni kuanguka, na hapo mazoezi yana kazi kuliko dawa. Neva haiambii ubongo unyayo uko wapi, basi tunaufundisha ubongo kutumia njia nyingine.

Pima kwanza. Simama pembeni ya ukuta, miguu pamoja, mtu akiwa karibu. Hesabu sekunde 30 macho wazi. Rudia macho yamefumbwa. Ukiyumba papo hapo baada ya kufumba, ina maana macho ndiyo yanayokushikilia, na gizani utaanguka.

Mazoezi ya miguu, kila siku dakika 15 hadi 20. Miguu pamoja, umeshika meza kwa vidole viwili, sekunde 30, mara 3. Kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Kisha mguu mmoja hewani, hata sekunde 5 zinatosha kuanzia. Tembea hatua 10 kisigino kwa vidole ukifuata ukuta. Inuka kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono mara 10, pumzika, rudia. Ikishakuwa rahisi, acha meza, baadaye simama juu ya godoro jembamba au mkeka uliokunjwa. Kufumba macho kuwe mwisho kabisa, na ukuta usiwe mbali.

Mikono: changanya maharage na choroko ndani ya mchele, utoe kimoja kimoja bila kutazama. Kubana na kubandua vibanio vya nguo. Kufunga vifungo vya shati mezani kabla ya kuvivaa. Kipofu husoma kwa vidole, na hizi ni neva zilizopungua tu, hazijafa zote.

Nyumbani: kandambili zitupwe. Zinachomoka bila wewe kujua, na ili zisichomoke mtu hukunja vidole na kubadili mwendo. Vaa kiatu chenye mkanda wa nyuma na soli ngumu, ununue jioni miguu ikiwa imetanuka, na ukung'ute ndani kabla ya kuvaa. Tochi iwe kando ya mto, njia ya chooni isiwe na ndoo wala kamba.

#11 NesiWaZamu

Nishike hapo kwenye ngozi. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, au mtu mwingine ayapime, vidole vyako si mashahidi tena. Usiotee jiko la mkaa, usiweke chupa ya maji moto miguuni. Sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene hata ukihisi haichomi. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo kama huinami. Vijijini angalia funza pembezoni mwa kucha, maana asiyehisi kuwasha hawatoi hadi kidonda kinanuka. Mafuta pakaa unyayo na kisigino, si katikati ya vidole. Kucha zikatwe mkato ulionyooka.

Kucha zilizogeuka nyeusi au kubanduka baada ya paklitakseli au dosetakseli huota upya: za mikono miezi 6 hivi, za miguuni mwaka hadi mwaka na nusu. Hina ya majani haina neno. Piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele ndiyo mbaya, kemikali yake huleta malengelenge hata kwa mtu mzima wa afya.

#12 Neema_wa_Moshi

Uchovu jamani. Watu wanaambiwa wale bitiruti "ziongeze damu".

#13 Bi_Lishe

Bitiruti ni chakula kizuri, lakini chuma chake ni kidogo. Rangi ndiyo inayodanganya. Damu kuwa chini baada ya kemo mara nyingi ni uboho uliochoka au figo zilizoumia, na chuma hakitibu hayo. Pima feritini (akiba ya chuma mwilini) kabla ya kumeza vidonge vya chuma. Ukivimeza, chai ikae mbali saa moja au mbili, inazuia chuma kufyonzwa.

Uchovu wa baada ya kemo una tabia yake: umelala usiku kucha kwa muda wa saa nane na unaamka umechoka. Usikubali uitwe "kawaida" kabla ya kupima picha kamili ya damu, feritini, homoni ya tezi ya shingo (hasa aliyepigwa mionzi shingoni), sukari, kreatinini (kipimo cha figo) na malaria. Ulizeni pia kuhusu huzuni. Mtu asiyetaka kuona watu, aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, anahitaji kutibiwa huzuni.

Vipimo vikiwa safi, mapumziko zaidi hayasaidii, yanazidisha. Msuli usiotumika unapotea na kazi ndogo inakuwa kubwa.

#14 FizioPwani

Naam. Kinachofanya kazi kimeandikwa wazi na wataalamu wa mazoezi tangu 2019: kutembea kwa kasi ya wastani dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Ongeza mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki. Usianze na 30. Anza na 10, ongeza 5 kila wiki. Kasi ni ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Chupa ya maji ya nusu lita ni uzito wa nusu kilo, inatosha kwa mikono. Kosa la wengi ni siku ya nguvu kufanya usafi wa nyumba nzima, kisha siku tatu kitandani. Gawa kazi, kaa ukikata mboga, usingizi wa mchana usizidi dakika 30 na usivuke saa tisa alasiri.

Ila aliyepata ile dawa nyekundu, kabla ya mazoezi mazito, moyo uangaliwe.

#15 Kipchumba_Maabara

Hesabu ya moyo basi, maana wengi hawaijui. Doksorubisini kwa saratani ya matiti: miligramu 60 kwa mita ya mraba mara 4 ni 240. Kwa limfoma (saratani ya tezi za limfu), 50 mara 6 ni 300. Kuanzia 250 mtu anahesabiwa kuwa kwenye hatari zaidi ya moyo, na hatari hupanda kwa kasi kwenye 450 hadi 550, ndiyo maana madaktari husimama kabla ya hapo. Dozi ndogo zaidi ikichanganyika na mionzi ya kifua upande wa kushoto, trastuzumabu (dawa nyingine ya saratani ya matiti), shinikizo la damu au kisukari, nayo inahesabika.

#16 NesiWaZamu

Eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ifanywe miezi 6 hadi 12 baada ya kumaliza kwa walio kwenye hatari, hata kama hawana dalili. Dalili zenyewe: kukosa pumzi ukilala chali hadi uongeze mito, kushtuka usiku unatafuta hewa, miguu yote miwili kuvimba jioni, uzito kupanda kilo 2 ndani ya siku chache. Shinikizo la damu litibiwe kwa bidii, ndilo unaloweza kulishika. Na mwanamke akishika mimba hata miaka 10 baadaye, awaambie kliniki ya wajawazito siku ya kwanza, kwa sababu mimba hubebesha moyo mzigo ambao eko ya zamani haikuuona.

#17 Mlezi_Kibaha

Na wenye saratani ya shingo ya kizazi waliopata sisplatini kila wiki pamoja na mionzi?

#18 Mfamasia_wa_Ziwa

Hao ni wengi huku kwetu na ndio wanaosahaulika, kwa sababu dozi ya miligramu 40 kwa mita ya mraba kila wiki inaonekana ndogo. Mambo matatu.

Figo: kreatinini ipimwe kila wanapokuja kliniki. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, na hapa ndipo tunapoumizana, maana diklofenaki ni sindano ya kwanza inayochomwa ukisema unaumwa mgongo. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Gentamisini, sindano ya antibiotiki, ni mbaya mara mbili, inaumiza figo na masikio yale yale ambayo sisplatini imeyagusa. Sema kwa sauti kila unapoandikiwa sindano: "nilipata sisplatini."

Magnesi: figo zilizoguswa huivujisha kwenye mkojo, wakati mwingine kwa miezi mingi. Misuli inakaza usiku, mikono inatetemeka, potasiamu inashuka na haipandi hata ukiiongeza, hadi magnesi irudishwe. Ipimwe. Mbegu za maboga, karanga, maharage na mchicha vina magnesi, lakini kreatinini ikiwa juu usijijazie mwenyewe.

Masikio: sauti nyembamba hupotea kwanza. Mtu anasikia mngurumo wa lori, hasikii mtoto anachosema. Mvumo masikioni ndio unaotangulia. Upotevu huu haurudi, kwa hiyo kipimo cha usikivu kifanyike mapema, na kwa mtoto kisiahirishwe hata muhula mmoja, kwa maana ataonekana mzito darasani kumbe hasikii.

Kuhusu Ramadhani, ambaye figo zimeshuka asiamue peke yake. Saa 13 bila maji kwenye joto la Pwani zinatosha kumrudisha wodini.

#19 Halima_TNG

Shikamooni. Kuna yanayoonewa haya. Ukavu ukeni na maumivu ya tendo, hedhi kukatika, joto la ghafla. Tunaomba yasemwe wazi.

#20 NesiWaZamu

Marahaba mdogo wangu. Kemo, siklofosfamidi hasa, hupunguza mayai. Aliye chini ya miaka 40 hedhi yake hurudi mara nyingi zaidi, aliyevuka 40 huenda isirudi. Lakini hedhi kukatika si uzazi wa mpango! Yai linaweza kutoka kabla ya hedhi kuonekana, na mimba ikiingia huku unameza tamoksifeni ni hatari kwa mtoto. Saratani ya matiti inayolishwa na homoni haikubaliani na vidonge, sindano wala vijiti vya uzazi wa mpango. Kinachofaa ni kitanzi cha shaba au kondomu.

Ukavu: kilainishi cha maji, cha kutosha, kila tendo. Mafuta ya nazi na vaselini hupasua kondomu. Aliyepigwa mionzi ya nyonga, uke hujikunja na kushikana usipotanuliwa, aulize kliniki kuhusu vitanuzi, na wampe maelekezo ya mara ngapi kwa wiki. Kukojoa damu hata miaka kadhaa baada ya siklofosfamidi au mionzi kusiitwe UTI bila kuchunguzwa kibofu.

Joto la ghafla: nguo za pamba za tabaka, pilipili na chai ya moto zipunguzwe usiku. Ikihitajika dawa, kwa anayemeza tamoksifeni fluoksetini na paroksetini hazifai, venlafaksini ndiyo huandikwa.

Mdomo mkavu na ladha ya chuma: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea kwenye lita moja ya maji, sukutua mara 4 hadi 6 kwa siku, yatengenezwe mapya kila siku. Kijiko cha plastiki badala ya cha bati. Ndimu kidogo kwenye nyama kama mdomo hauna vidonda. Na kung'oa jino: aliyepewa dripu ya mifupa, asidi ya zoledroniki, asing'olewe hadi daktari wa meno ajue, taya linaweza kukataa kupona.

#21 Otieno_KLINIKI

Moja la wasafiri. Chanjo ya homa ya manjano?

#22 Mfamasia_wa_Ziwa

Ni chanjo hai, kirusi kilichodhoofishwa. Baada ya kemo subiri angalau miezi 3 na ugonjwa uwe umetulia. Aliyepata rituksimabu (dawa ya limfoma), angalau miezi 6. Kama safari haisubiri, omba barua ya daktari ya kusamehewa chanjo kwenye kadi ya njano, na uhakikishe nchi unayokwenda inaikubali kabla ya kukata tiketi. Surua ni vile vile. Chanjo zisizo hai hazina shida hiyo, ila huenda zisikukinge vizuri mapema hivyo.

Tukiwa kwa rituksimabu: mwenye homa ya ini B asiache dawa ya kirusi kemo ilipoisha. Inaendelea angalau miezi 12 baada ya rituksimabu ya mwisho, kwa sababu kirusi hulala na kuamka mwili ukiwa bado dhaifu. Na mwenye ARV zenye tenofoviri, ambayo pia huzuia kirusi cha B, asibadilishiwe hadi kliniki iangalie kama ana B.

#23 Neema_wa_Moshi

Kusahau je? Mtu anaingia jikoni hajui alifuata nini.

#24 Bi_Lishe

Hupungua kwa wengi ndani ya mwaka. Daftari moja, si vikaratasi kumi. Simu ilie saa ya dawa. Funguo mahali pamoja. Jambo moja kwa wakati mmoja, redio izimwe ukihesabu pesa. Usingizi na mazoezi ya Fizio yanasaidia zaidi ya kirutubisho chochote. Kusahau kunakozidi wiki hadi wiki, au kukiambatana na maumivu ya kichwa ya asubuhi na kutapika, ni jambo la hospitali.

#25 FizioPwani

Sijaona mtu akizungumzia bleomisini, na huku Pwani ina maana yake. Hutolewa kwa limfoma ya Hodgkin, saratani ya korodani na Kaposi. Jumla ikivuka yuniti 400 makovu ya mapafu huongezeka sana, lakini mvutaji sigara au mwenye figo dhaifu anaweza kuumia chini ya hapo. Kikohozi kikavu na kukata pumzi ngazini, hata miezi baada ya kumaliza, ni cha kupigwa picha ya kifua na kupimwa oksijeni, si cha kupewa dawa ya kikohozi.

Ukienda upasuaji wowote, hata wa ngiri, mwambie daktari wa usingizi. Oksijeni nyingi wakati wa operesheni inaweza kuamsha madhara kwenye mapafu hayo, kwa hiyo atakupa ile ya kukutosha tu. Na anayepiga mbizi kwa mtungi, iwe kazi au utalii, asizame tena hadi daktari wa mapafu aruhusu. Hewa ya mtungi chini ya shinikizo la kina ni oksijeni nyingi kwa jina jingine. Kuogelea juu ya maji ruksa.

#26 Mlezi_Kibaha

Nimeichukua picha ya orodha ya sista. Miadi ni Jumanne. Naomba kwanza karatasi ya dozi, halafu sukari, B12 kabla ya sindano yoyote, kreatinini na magnesi. Kuna cha kuongeza?

#27 NesiWaZamu

Beba maboksi yote ya dawa anazomeza sasa, pamoja na za kienyeji na mlonge, yasiwe majina ya kukumbuka. Na avae viatu anavyovaa kila siku, wamuone anavyotembea navyo.